Mchoro Ubaki Kituoni: Neno kwa Fundi Anayechagua Programu ya Kuchora Bodi za Saketi

Fungua kifaa chochote cha wodi ya watoto wachanga, kiwe kipima oksijeni, pampu ya sindano au taa ya kutibu manjano, nawe utakuta ndani yake bodi ya saketi: kipande bapa, aghalabu cha kijani, chenye njia nyembamba za shaba zinazounganisha rezista, kapasita na vipande vingine vidogo. Sisi madaktari hatuioni. Tunaona namba kwenye kioo, tunasikia kengele, tunaandika kwenye faili la mgonjwa. Siku kifaa kinapozima ndipo tunapotambua kwamba matibabu ya mtoto yaliegemea njia ya shaba yenye upana usiofika milimita moja, na kwamba mtu anayeijua njia hiyo hayupo wilayani.

Kijana mmoja wa Lusu, wilayani Nzega, fundi wa redio na simu ambaye watumishi wa afya wa jirani humwita kila kitu cha umeme kinapogoma, ameniuliza swali ambalo sikulitarajia kutoka kwa fundi kwenda kwa daktari wa watoto. Anataka kujifunza kuchora bodi zake mwenyewe kwa kompyuta. Amekuta programu nyingi, kila moja ina watu wa kuisifu. Aanze na ipi? Swali hilo nimelisikia pia kwa vijana wanaosomea vifaa tiba, kozi inayotolewa katika Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo cha Ufundi Arusha, kwa hiyo nimeona nilijibu hadharani.

Wengi wanaijua Lusu kwa sababu ya dhahabu, kwa mgodi wa Golden Pride ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kufungwa baada ya takribani miaka kumi na mitano. Mgodi wa kiwango kile huja na wahandisi wake, vipuri vyake na fedha za kuagiza visivyokuwepo. Kituo cha afya hakina anasa hiyo. Utafiti wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ukakuta kwamba takribani asilimia 38 havifanyi kazi. Anayefanya kazi katika hospitali zetu hahitaji kushawishiwa kuhusu tarakimu hiyo. Afungue tu stoo.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni, nieleze kidogo. Wazo la kuchapa njia za umeme juu ya kipande bapa badala ya kufunga nyaya moja moja lilikuzwa na mhandisi Mwaustria Paul Eisler, aliyekuwa akiishi London katika miaka ya 1930. Leo kazi huanza kwenye kompyuta. Fundi huchora kwanza ramani ya saketi, yaani kipi kinaungana na kipi. Kisha hupanga vipande hivyo juu ya bodi na kutandaza njia za shaba kati yake. Programu humkagulia: je, kuna njia mbili zinazogusana, kuna mguu wa kipande ulioachwa bila kuunganishwa, kuna tundu lililo karibu mno na ukingo? Mwishoni hutoa mafaili ambayo kiwanda huyatumia kutengeneza bodi yenyewe. Fundi wa Nzega anaweza kutuma mafaili hayo China na kupokea bodi tano ndogo kwa dola chache, kabla ya nauli na ushuru. Miaka thelathini iliyopita jambo hilo lilikuwa la makampuni makubwa tu.

Ushauri unaotolewa kwa wanaoanza ni mmoja: chagua programu rahisi kuliko zote, iliyo na video nyingi za kujifunzia. Kwa mtu anayechora taa ya kupamba sebule yake, sina neno. Kwa mtu ambaye bodi yake itaingia wodini, naona ushauri huo hautoshi, na nitaeleza kwa kisa.

Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo kwa vitendo alitengeneza taa mbili za kutibu manjano ya watoto wachanga. Aliifanya kazi hiyo vizuri. Bilirubini ikizidi katika damu ya mtoto mchanga huweza kufika kwenye ubongo na kumwachia ulemavu wa kudumu. Mwanga wa buluu, hasa wa urefu wa mawimbi wa kati ya nanomita 460 na 490, huigeuza bilirubini iliyo chini ya ngozi iwe katika hali ambayo mwili unaweza kuitoa. Taa za kijana yule zilipimwa, zikaonekana zinatoa mwanga wa kutosha, zikatumika karibu miaka miwili. Kisha sehemu ya bodi inayodhibiti umeme wa taa ikaungua katika zote mbili, kwa kupishana wiki chache. Fundi wa hospitali aliona mara moja kilichotakiwa: njia fulani ya shaba ilikuwa nyembamba kuliko mzigo wake wa umeme. Dawa yake ilikuwa kuipanua na kuagiza bodi mpya. Lakini mchoro ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya mtandaoni iliyofunguliwa kwa barua pepe ya chuo cha yule kijana, na chuo kiliifunga barua pepe hiyo alipohitimu. Yeye mwenyewe alikuwa amehamia nchi nyingine na hakuwa na nakala. Taa zikawekwa stooni. Watoto waliozihitaji wakawa wanalazwa wawili chini ya taa moja iliyobaki, jambo ambalo hakuna muuguzi anayelipenda, au wanapewa rufaa kwa safari ya saa kadhaa huku bilirubini ikipanda.

Hakuna aliyemlaumu kijana yule, nami simlaumu. Alitumia programu aliyofundishwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwuliza swali ambalo kwetu linapaswa kuwa la kwanza: ukiondoka, nani ataufungua mchoro huu, na kwa kutumia nini? Katika utumishi wa afya wa nchi hii watu huhamishwa, huenda kusoma, hustaafu. Kifaa hubaki.

Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na njia nyingine zilikwenda kaskazini kuelekea Ziwa. Katika biashara ile pembe zilipimwa kwa frasila, kipimo cha takribani kilo 16. Mpokeaji hakulazimika kumfahamu aliyepima upande wa pili wa safari. Frasila ilieleweka bara na pwani. Kazi ya bodi za saketi nayo ina frasila yake, nayo ni mafaili ya Gerber, muundo ambao programu zote za maana huweza kuutoa na viwanda karibu vyote huupokea. Lakini fundi anayeanza aelewe mpaka wa mafaili hayo. Ni kama picha ya eksirei: inakuonyesha mfupa ulivyo, haikuruhusu kuunyoosha. Kwa Gerber utaagiza bodi ileile, pamoja na ile njia nyembamba inayoungua. Ili kurekebisha unahitaji mchoro wa asili, na hapo ndipo uchaguzi wa programu unapokuwa na uzito.

Nianze na EAGLE, kwa kuwa video na vitabu vingi vya kujifunzia bado vinaitaja. Ilizaliwa Ujerumani mwaka 1988, ikapendwa sana na wanaojifunza kwa sababu ilikuwa na toleo la bure, ingawa bodi yake haikuruhusiwa kuzidi eneo la sentimita 80 za mraba. Mwaka 2016 ilinunuliwa na kampuni ya Autodesk. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba haitaiuza wala kuihudumia baada ya tarehe 7 Juni 2026, na kwamba kazi yake imehamishiwa ndani ya programu yao kubwa iitwayo Fusion. Sitilii shaka haki yao. Ni mali yao. Lakini mtazame fundi aliyejifunza kwa miaka kadhaa na kuweka michoro yote ya hospitali humo. Uamuzi uliofanywa Marekani katika kikao asichokijua umemwambia ahame. Anayeanza leo asianze na EAGLE, hata kama rafiki yake anaijua.

EasyEDA ndiyo inayopendwa na vijana wengi, na sababu zao ni za kweli. Inafunguka ndani ya kivinjari cha intaneti, hivyo hata kompyuta dhaifu huimudu. Imeunganishwa na duka la vipuri la LCSC na kiwanda cha JLCPCB vya China, kwa hiyo ukichagua rezista unaiona bei yake palepale na unaweza kuagiza bodi ikiwa imekwisha kubandikwa vipande vyake. Kwa wepesi wa kuanza, sijaona inayoishinda. Mtu mwenye bidii atachora bodi yake ya kwanza katika siku mbili. Wasiwasi wangu uko mahali pengine. Kwa kawaida kazi yako hukaa kwenye kompyuta za watu wengine, nyuma ya akaunti yenye nywila. Bando likiisha, kazi husimama. Akaunti ikipotea, hadithi ya zile taa hurudi. Anayeitumia, na sitamkataza, ajizoeze kupakua mchoro wa asili kila anapomaliza kazi, si Gerber peke yake.

Fritzing, iliyoanzia katika chuo kimoja cha Potsdam, Ujerumani, nzuri kwa kumfundishia mtoto wa sekondari, basi. Altium Designer ni chombo cha wataalamu, na leseni yake ni ya maelfu ya dola. Haina mahali katika mazungumzo ya anayeanza, isipokuwa kwa jambo moja. Nakala zake zilizovunjwa kufuli zinapitishwa kwa flashi mkononi kwa mkono, na mafundi wengine huona fahari kuwa nazo. Achilia mbali sheria na uungwana. Programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, na katika vituo vyetu kompyuta ya fundi na ile yenye mfumo wa GoTHoMIS, wenye taarifa za wagonjwa, mara nyingine ni kompyuta moja, au zimo katika mtandao mmoja. Kwa kuokoa gharama ya leseni ambayo hata haihitaji, fundi anaweka rehani siri za wagonjwa wote wa kituo. Mganga mfawidhi akiikuta nakala ya namna hiyo aifute siku hiyohiyo.

Ninayoipendekeza ni KiCad. Ilianzishwa mwaka 1992 na Mfaransa Jean-Pierre Charras. Ni programu huria: hailipiwi, haina kikomo cha ukubwa wa bodi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Tangu takribani mwaka 2013 imesaidiwa na CERN, kile kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo Geneva, na mwaka 2019 ikawa chini ya Linux Foundation. Hakuna kampuni moja inayoweza kuamka asubuhi na kuifunga. Hata wanaoiendeleza wakichoka wote, nakala iliyomo kwenye kompyuta yako itaendelea kufanya kazi.

Haihitaji intaneti baada ya kusakinishwa. Faili lake la kusakinisha ni zito, zaidi ya gigabaiti moja, na hilo ni gharama kwa mtu wa Lusu. Lakini hupakuliwa mara moja tu, mjini, likabebwa kwenye flashi na kugawiwa mafundi kumi bila kosa lolote la kisheria. Michoro yake huhifadhiwa kama maandishi ya kawaida, hivyo hata mtu asiye na programu anaweza kulifungua faili na kusoma ndani yake jina la kila kipande. Zaidi ya hayo inasoma kazi za wengine: michoro ya EAGLE imekuwa ikiifungua kwa miaka mingi, na toleo la 8 la mwaka 2024 likaongeza ile ya EasyEDA. Hospitali yenye michoro ya zamani isiyo na pa kufunguliwa ianzie hapo.

Hasara zake zipo. Ni ngumu kuliko EasyEDA katika wiki mbili za mwanzo, hasa pale ambapo kila kipande cha ramani lazima kioanishwe na nyayo zake juu ya bodi, yaani mpangilio wa matundu ambamo miguu ya kipande itaingia. Wanaoanza wengi hukosea hapo: ramani ni sahihi, bodi inafika kutoka China, na kipande hakiingii. Kuna kinga isiyo na gharama. Kabla ya kuagiza, chapa mchoro wa bodi kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, kisha visimamishe vipande vyako juu ya karatasi hiyo. Kisichokaa utakiona. Hasara nyingine ni kwamba mchoro uliohifadhiwa kwa toleo jipya haufunguki kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo faili la kusakinisha lihifadhiwe pamoja na mchoro, kwenye flashi moja.

Wenzangu wawili walioisoma rasimu ya makala haya walipinga. Mmoja alisema fundi akikatishwa tamaa mwanzoni ataacha kabisa, bora aanze na kilicho rahisi. Ni hoja nzito, na kwa mwanafunzi wa kidato cha pili ningeikubali. Lakini fundi wetu ni mtu anayefungua simu kwa bisibisi ndogo kuliko sindano na kuifunga ikiwa hai. Wiki mbili za ugumu hazimshindi. Mwingine aliuliza, kwa mzaha usio mzaha, daktari anatafuta nini humu. Jibu langu ni kwamba daktari ndiye anayesimama na mama wa mtoto pale taa inapozimika.

Kuna sharti ambalo ningependa fundi anayeanza alisome mara mbili. Bodi yako ya kwanza, ya pili, hata ya kumi, isiguse mgonjwa. Vifaa vinavyounganishwa na mwili vina kanuni kali za kimataifa, IEC 60601-1. Kwa mfano, kati ya upande wenye umeme wa gridi na upande unaomgusa mgonjwa, kwa volti 250, kinga kamili hudai umbali wa milimita 8 juu ya uso wa bodi. Umeme unaovuja kwenda kwa mgonjwa hupimwa kwa maikroampea, na kwa kifaa kinachofika kwenye moyo mpaka wake katika hali ya kawaida ni maikroampea 10. Programu nzuri, KiCad ikiwamo, hukuruhusu kuandika umbali huo kama amri, nayo ikakataa kila njia inayoukiuka. Lakini programu haijui kama waliokuletea kibadilisha umeme wamekuuzia kilicho bandia. Na kifaa tiba kinachokusudiwa kutumika kwa wagonjwa kiko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Zile taa za kisa changu zilipimwa chini ya uangalizi wa wahandisi. Asitokee mtu akasoma makala haya na kuanza kuchora kipima moyo.

Kuna kazi nyingine nyingi zinazongoja. Mojawapo ni jokofu la chanjo. Chanjo za kawaida hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na baadhi, kama ile ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B na Hib, huharibiwa zaidi na kuganda kuliko na joto la saa chache. Kengele inayolia umeme unapokatika usiku, au joto linaposhuka karibu na 2, ni bodi ambayo anayeanza anaweza kuimudu: kihisi cha DS18B20, kipaza sauti kidogo, betri na vipande visivyozidi kumi na tano. Kihisi hicho kinaweza kukosea kwa nusu nyuzi, kwa hiyo kengele iwekwe ilie kwenye 2.5, si kwenye 2 kamili. Haitachukua nafasi ya kifaa rasmi cha kurekodi joto ambacho mpango wa chanjo hukitoa. Itamwamsha mlinzi tu, naye atampigia simu muuguzi.

Kwa waganga wafawidhi na makatibu wa afya: fundi anapowaletea kitu alichokitengeneza, msikipokee peke yake. Kipokewe pamoja na flashi yenye mchoro wa asili, mafaili ya Gerber, orodha ya vipande na mahali vilipopatikana, ramani ya saketi iliyochapwa kwenye karatasi, na nakala ya programu yenyewe. Flashi ikae kwenye kabati la kituo, si mfukoni mwa mtu, na nakala ya pili iende kwa fundi wa vifaa tiba wa wilaya au mkoa. Na wewe mgonjwa, au mzazi wa mgonjwa, una haki ya kuuliza mbele ya kifaa kilichozima ni nani anayeweza kukitengeneza na tangu lini ameitwa.

Kijana wa Lusu amekwisha kupakua KiCad akiwa Nzega mjini. Aanze na kengele ya jokofu: bodi ya tabaka mbili za shaba, milimita 50 kwa 50, vipande vyenye miguu mirefu inayochomewa kwa mkono. Kwenye maandishi meupe ya juu ya bodi, pale ambapo wengi huandika majina yao, aandike pia tarehe, namba ya toleo la programu, na jina la faili la mchoro.